Nyumba za mapumziko za kando ya ziwa Kivu: kuta zimebaki, karatasi zimebadilika

Mtu wa Kisangani akiingia mara ya kwanza ndani ya nyumba ya zamani ya Bukavu, kitu kimoja kinamshangaza mbele ya vyote: ndani ya saluni, kwenye ukuta, kuko mahali pa kuwasha moto, na dohani inapanda mpaka juu ya paa. Hapa kwetu tunatafuta upepo usiku mzima, madirisha wazi. Nani atawasha moto ndani ya nyumba kwa kutaka?

Lakini kule juu, ziwa liko kwenye urefu wa mita 1460 hivi juu ya bahari, wakati Kisangani iko karibu na mita 400. Usiku ni baridi, na mwezi wa saba watu wanavaa majaketi. Ile baridi njo ilileta zile nyumba. Zilijengwa wakati wa ukoloni, zingine kwa kukaa mwaka mzima, zingine kwa kupumzika tu, wiki chache kwa mwaka, na wazungu waliochoka na joto la bonde la mto Kongo. Stanleyville, Kisangani ya leo, ilikuwa moja ya miji walikotoka.

Leo mtu akipita kwenye peninsula za Bukavu, au kando ya ziwa ku Goma, bado anaziona. Zingine zimepakwa rangi mpya na ziko na walinzi kwenye mlango. Zingine zimegawanyika kwa familia nne, tano. Zingine ziko kwenye kesi ya tribinali tangu miaka. Swali ambalo watu wanauliza kila mara ni moja: hizi nyumba ni za nani? Ili kulijibu, inafaa kurudi nyuma.

Sababu ya kupanda milimani

Mzungu aliyetumwa Kongo na Serikali ya Ubelgiji au na kampuni hakuja kwa maisha yote. Kwa kawaida alifanya kazi miaka 3 hivi, kisha alirudi Ulaya kwa likizo ya miezi kadhaa. Safari ilikuwa ndefu: meli ya mto kutoka Stanleyville mpaka Léopoldville, treni mpaka Matadi, kisha meli ya bahari mpaka Antwerp. Ile miaka 3 kati ya likizo mbili ilikuwa mirefu, na waganga wa wakati ule walikuwa wanashauri watu wapande milimani, kwenye hewa nyepesi na mbu kidogo.

Kivu ilikuwa na yote waliyotafuta. Wastani wa joto la Bukavu ni karibu na digri 20, wakati Kisangani iko karibu na 25, na unyevu juu yake. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, kwa hiyo mtu anaweza kuogelea. Kwa watu waliozoea mto wetu, ile ilikuwa ajabu.

Kisha vita ikafanya kilichobaki. Mwezi wa tano 1940, Ujerumani iliingia Ubelgiji na kuikalia. Njia ya kwenda nyumbani ikafungwa kwa miaka karibu 5. Wafanyakazi wa Serikali, wa makampuni na wa misioni waliotakiwa kwenda likizo hawakuwa tena na mahali pa kwenda. Wengine walifika mpaka Afrika Kusini; wengine walipanda Kivu. Wakati vita iliisha mwaka 1945, desturi ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Njia ya likizo

Kutoka Stanleyville, njia ya likizo ilikuwa ile tunaiita leo barabara ya taifa namba 4: Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa, kisha kuelekea upande wa Beni. Kutoka Beni, gari lilipanda mpaka Lubero, likateremka mteremko mkali wa Kabasha, likaingia ndani ya mbuga ya wanyama. Mbuga ile ilianzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert. Tangu 1969 inaitwa Virunga. Mbele yake kulikuwa Rutshuru, na mwishoni Goma.

Njia hiyo haikufanywa kwa siku moja, kwa hiyo nyumba za kulala zilizaliwa kando yake. Inayojulikana sana ni ile ya Epulu. Mwamerika mmoja, Patrick Putnam, alifika Kongo mwisho wa miaka ya 1920, na ndani ya miaka ya 1930 akajenga kambi yake pembeni ya mto Epulu, kwa kuta za udongo na paa la majani, sawa vile watu wa huko walivyojenga. Wasafiri walilala pale kwa malipo, na asubuhi Wambuti waliwapeleka porini. Pembeni kulikuwa zahanati ndogo kwa watu wa jirani. Putnam alikufa palepale mwaka 1953. Leo Epulu ni makao ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 na kuandikwa na UNESCO mwaka 1996.

Mbele zaidi kulikuwa nyumba ya wageni ya mlima Hoyo, karibu na mapango na maporomoko ya maji, na hoteli ya Mutwanga chini ya Ruwenzori, ambako mgeni aliamka akiangalia theluji, kama mawingu yanamruhusu. Ndani ya mbuga kulikuwa kambi ya Rwindi.

Mtu akihesabu vituo hivyo leo, anaona kama anahesabu majina ya taarifa ya habari: Mambasa, Mutwanga, Rwindi, Rutshuru. Njia ileile iliyokuwa ya likizo imekuwa, kwa miaka zaidi ya 20, njia ya mashambulizi na ya watu wanaokimbia. Epulu yenyewe ilishambuliwa mwezi wa sita 2012: watu waliuawa, na okapi 14 waliokuwa wanafugwa pale waliuawa wote. Njo maana kijana wa leo anashindwa kuamini kwamba familia ziliwahi kupita kule na vikapu vya chakula kwa ajili ya kutembea tu.

Nyumba yenyewe: mbele na nyuma

Bukavu iko na peninsula 5 zinazoingia ndani ya maji, na watu wanazifananisha na vidole vya mkono uliowekwa ziwani. Moja inaitwa La Botte, maana umbo lake ni kama kiatu kirefu. Mji wenyewe uliitwa Costermansville tangu 1927, kwa heshima ya mkubwa mmoja wa ukoloni, na ndani ya miaka ya 1950 ukarudia jina la Bukavu. Kwenye zile peninsula njo nyumba nyingi nzuri zilijengwa, hasa kati ya miaka ya 1930 na 1950.

Upande wa mbele uliangalia maji: veranda ndefu, madirisha makubwa, saluni yenye moto, bustani inayoteremka mpaka ziwani, na mara nyingi mahali padogo pa kufungia mtumbwi au boti. Mafundi walifuata mtindo uliokuwa unapendwa Ulaya siku zile, wenye pembe za duara, madirisha ya mviringo kama ya meli, na mistari mirefu kwenye kuta. Ku Goma, kuta nyingi zilitoka kwenye mawe meusi ya volkano, maana mawe hayo yako chini ya miguu ya kila mtu.

Upande wa nyuma ulikuwa habari nyingine. Pale kulikuwa jiko, mahali pa kuni, na nyumba ndogo ya vyumba viwili vitatu vilivyopangwa mustari mmoja: boyeri. Mule walilala mpishi, boyi wa nyumba, na zamu. Wao walikaa hapo mwaka mzima, mvua na kiangazi. Wenye nyumba walikuja kwa likizo, wakaenda. Mpishi alijua paa linavuja wapi, alijua ufunguo gani unafungua kabati gani, lakini jina lake halikuandikwa mahali popote kwenye karatasi ya ile nyumba.

Na baada ya kazi, Mwafrika ambaye hakulala boyeri alitakiwa kurudi Kadutu au mtaa mwingine wa weusi. Sawa vile ilikuwa hapa kwetu: mji wa wazungu upande mmoja, mitaa ya weusi upande mwingine, na saa ya usiku ambayo mweusi hakuruhusiwa kutembea mji wa wazungu bila karatasi.

Ardhi ilitoka wapi?

Hapa njo kuko mzizi wa mambo. Zile peninsula hazikuwa pori bila mwenyewe. Bukavu iko kwenye nchi ya Bashi, na wenyeji walilima, walichunga ng'ombe na walivua samaki kabla ya mzungu wa kwanza kufika. Lakini tarehe 1 Julai 1885, mwanzoni kabisa mwa utawala wa Leopold II, amri moja ilisema kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni ya Leta. Shamba lililoachwa lipumzike, malisho, mahali pa kukata kuni: vyote hivyo vikahesabika kuwa vitupu.

Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa kifupi CNKi. Ilipewa uwezo wa kugawa ardhi ya Kivu kwa wakoloni waliotaka kulima kahawa, chai au kwinini, na kwa wale waliotaka kujenga. Mkoloni alitoka na ramani iliyopimwa, namba, na muhuri. Mwenyeji alitoka na neno la mwami wake na kumbukumbu ya babu. Siku karatasi na kumbukumbu zilipokutana mbele ya ofisi, karatasi ilishinda.

Barabara vilevile haikujitengeneza. Kando ya njia, vijiji vililazimishwa kutoa watu wa kulima na kuziba mashimo. Neno kantonye, ambalo bado tunalitumia kwa mfanyakazi wa barabara, linatoka kwenye mpango ule.

1960 mpaka 1967: funguo mlangoni

Uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960. Siku chache nyuma, askari wa Force Publique waliasi juu ya wakubwa wao wa kizungu, na wazungu wengi wakakimbia. Wale wa Kivu walikuwa karibu na mipaka. Walivuka kuelekea Rwanda, Burundi na Uganda. Wengine walifikiri wanaenda kwa wiki mbili. Ndani ya nyumba nyingi za mapumziko, aliyebaki ni mpishi na zamu.

Kisha ikaja miaka migumu. Tarehe 5 Agosti 1964 Stanleyville ilikuwa mikononi mwa Simba, na mwezi uleule walishambulia Bukavu, lakini hawakuweza kuushika mji. Tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka Stanleyville, na wazungu wengi waliokuwa wamebaki huku kwetu wakaondoka kabisa. Baadaye, tarehe 5 Julai 1967, askari wa kukodiwa wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme waliasi hapa Kisangani. Waliposhindwa kubaki, walipita porini kuelekea mashariki, na mwezi wa nane wakaingia Bukavu. Waliushika mji mpaka mwanzo wa Novemba, kabla ya kuvuka mpaka na kuingia Rwanda.

Ile miezi mitatu iliharibu Bukavu kuliko miaka yote iliyotangulia. Nyumba za kando ya ziwa zilikuwa vituo vya kupigania. Wakati bunduki zilinyamaza, nyumba nyingi hazikuwa na vioo, milango wala vitanda. Mtu aliyepata nyumba wazi aliingia. Afisa alikaa, mfanyakazi wa Serikali alikaa, familia iliyokimbia kijiji ilikaa. Na mule nyuma, ndani ya boyeri, mara nyingine alikuwa bado yule mpishi wa zamani na watoto wake.

Miaka ya karatasi mpya

Serikali haikuacha mambo hivyo. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria ya Bakajika, iliyorudisha kwa Leta haki zote juu ya ardhi zilizotolewa na ukoloni. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo bado inatumika mpaka leo pamoja na marekebisho ya 1980. Inasema wazi: ardhi ni mali ya Serikali peke yake, na haiuzwi. Mtu hana ardhi. Mtu anapewa haki ya kuitumia. Mkongomani anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho. Mgeni na kampuni wanapewa kwa muda, miaka 25 kwa kawaida, na wanaweza kuomba kuurudilia.

Miezi minne nyuma, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza Zaïrianisation. Mashamba, maduka na majumba ya wageni yaligawanywa kwa Wazaire. Wazee wa Kisangani wanakumbuka ilivyokuwa kwa maduka ya Wagiriki na ya Wahindi: leo mwenye duka ni huyu, kesho ni mwingine, keshokutwa rafu ziko tupu. Kivu ilikuwa vilevile kwa mashamba ya kahawa na chai na kwa majumba yake. Tangu mwaka 1976 Serikali ilianza kurudisha mali zingine kwa wenyewe wa zamani, na hapo nyumba moja iliweza kuwa na watu watatu wenye karatasi: mzungu wa kabla ya 1960, aliyepewa 1973, na aliyenunua kwa huyo wa pili.

Ongeza wa nne: yule anayekaa ndani tangu 1967 na hana karatasi, ila ana miaka.

Vita, wakimbizi na kodi ya dola

Mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Goma. Wengine waliingia Bukavu. Mashirika ya misaada yalifika nyuma yao, na yalitaka nyumba zenye ukuta, bustani na maji. Kumbe zilikuwepo! Nyumba za likizo za zamani zikawa ofisi na makao, na kodi ikaanza kulipwa kwa dola. Nyumba ambayo mtu alikuwa anaiona kama mzigo wa paa bovu ikawa kitu cha kupigania.

Volkano nayo ikasema neno lake. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilituma moto mpaka katikati ya Goma, ikafunika sehemu kubwa ya mji na kufika ziwani. Mtu aliyekuwa na parseli mbele ya ziwa alikuta jiwe jipya juu ya msingi wake, na alama za mipaka zimepotea chini.

Bei ya kando ya maji ilipanda, watu wakaanza kukata zile bustani. Parseli moja ya zamani, iliyokuwa na nyumba moja na miti, ikawa parseli nne, sita, na magorofa yakateremka mpaka kwenye maji. Pale ambapo mvuvi alipitisha mtumbwi, leo anakuta ukuta. Mwaka 1950 mtoto wa Kadutu hakuweza kukaa kwenye nyasi za La Botte na kuangalia ziwa, kwa sababu ya rangi yake. Leo sheria haimkatazi tena, lakini njia ya kufika majini imekuwa nyembamba, na mara nyingi imefungwa na mlango wa chuma.

Mwanzoni mwa 2025, Goma na kisha Bukavu ziliingia mikononi mwa M23. Familia nyingi zilikimbia tena na kuacha nyumba zao. Watu wanaojua historia ya 1960 na 1967 wanaelewa hatari: nyumba iliyoachwa wazi haikosi wa kuingia, na baada ya miaka, kutofautisha mwenye nyumba na aliyeingia kunakuwa kazi ya majaji.

Somo kwa mtu wa Kisangani

Haya si mambo ya Kivu peke yake. Hapa Makiso pia kuko nyumba za zamani kando ya mto, kuko nyumba za Serikali, na kuko kesi. Neno spoliasyo linasikika hapa sawa na kule. Basi, mtu anayetaka kununua au kulinda nyumba ya zamani anafaa kujua mambo machache.

La kwanza: kulingana na sheria ya 1973, karatasi inayoonyesha haki juu ya parseli ni moja, sertifika ya kuandikishwa inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Fishi ya parseli, barua ya shefu wa mtaa, au karatasi ya kuuziana iliyosainiwa mbele ya mashahidi vinaweza kusaidia, lakini havichukui nafasi yake.

La pili: kabla ya kutoa pesa, mtu aende mwenyewe kwa konservatere na aulize historia ya ile namba ya parseli. Nani alipewa kwanza? Nani alimfuata? Kama kuko shimo kati ya 1960 na 1976, aulize mara mbili, maana mule njo kesi nyingi zinatoka.

La tatu: nyumba ya Serikali haiwi ya mtu kwa sababu amekaa ndani miaka mingi au kwa sababu baba yake alikuwa mfanyakazi wa Leta.

La nne: anayeona kwamba mwingine amechukua sertifika juu ya nyumba yake asingoje. Sheria inatoa miaka 2 tu. Muda huo ukipita, kuipinga ile sertifika kunakuwa kugumu sana, na mara nyingi anabaki kudai malipo tu.

La tano, na hili ni la wale waliokimbia vita: karatasi ifungwe pamoja na nguo za watoto. Kopi ibaki kwa ndugu wa mji mwingine, na picha yake ibaki ndani ya telefone. Familia nyingi zilizopoteza nyumba hazikukosa haki. Zilikosa karatasi ya kuionyesha.

Zile dohani za Bukavu bado zinasimama. Zingine zinatoa moshi kila jioni, lakini si wa saluni tena: ni familia iliyopanga chumba kimoja, inayopika sombe mahali mzungu alikuwa anaota moto. Kuta hazikujali nani aliingia na nani alitoka. Karatasi njo zilijali.